Kung'oa Kwanza, Kupanda Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kujitolea Kurudisha Msitu wa Jijini

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda na wenzangu wa kazini kupanda miti katika msitu mmoja ulio ndani ya Nairobi. Tulivaa fulana za rangi moja, tukapanda miche 200 kwa saa mbili, tukapiga picha, tukala keki, tukaenda zetu. Miezi minane baadaye nilipita pale peke yangu nikaitafuta miche yetu. Majani yalinifika kiunoni. Niliipata 11. Mmoja niliuvuta kidogo tu ukatoka mzimamzima mkononi, mizizi yake ingali imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki wa kitaluni. Huenda niliupanda mimi.

Nikiwa bado nimeushika, mzee mmoja anayetunza kitalu cha hapo alinikuta. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulikuja kupanda ama kulea?"

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa palizi. Mwongozo huu ni kwa anayeishi Nairobi, au mji wowote wa nyanda za juu wenye msitu au bustani ya umma, na anataka kusaidia ndege na wanyama warudi mahali pao. Nitasema mengi kuhusu kung'oa na machache kuhusu kupanda, kwa sababu ndivyo kazi yenyewe ilivyo.

Hatua ya 1: Ujue unaingia wapi

Karura, msitu ulio ndani ya Nairobi, ina hekta 1,041 na ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu wa kujenga majumba, na Januari 1999 Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipigwa akaumizwa kichwani alipokwenda pale kupanda mti. Kwa hiyo ukikanyaga Karura, ujue kuna watu walioutetea msitu huo kwa damu. Arboretum, bustani ya miti iliyo karibu na katikati ya jiji, ina historia nyingine kabisa. Ilianzishwa 1907 kama uwanja wa kujaribia miti ya kigeni, ili ijulikane ni ipi ingekua haraka na kutoa kuni za gari la moshi. City Park ni bustani ya umma yenye kipande cha msitu wa asili ndani yake, na kima wake hawamwogopi mtu.

Ninayataja haya kwa sababu mtu wa kujitolea akishaambiwa "miti ya kigeni ni mibaya" hutaka kukata kila anachokiona. Katika Arboretum mti wa kigeni ni sehemu ya mkusanyiko, umewekwa pale makusudi. Katika msitu wa asili mambo ni tofauti. Hata humo, mkalitusi mkubwa wa miaka hamsini haukuhusu wewe na panga lako. Hiyo ni kazi ya watu wa misumeno ya mashine, tena kwa mpango wa usimamizi wa miaka mingi.

Halafu kuna sheria. Kukata au kung'oa chochote katika msitu wa serikali bila ruhusa ni kosa, hata kama ulichong'oa ni gugu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inazipa nafasi jumuiya za wakazi kushirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya kutunza misitu, na huo ndio mlango wako. Nenda langoni siku ya kazi, si Jumapili watu wakiwa mandarini. Uliza ofisi ya msitu iko wapi, kisha uliza ni kikundi gani hufanya kazi ya palizi na hukutana lini. Uliza pia kama wanaojitolea hulipa kiingilio. Ukiambiwa "tutakupigia", acha namba yako, lakini rudi mwenyewe wiki inayofuata. Anayerudi mara ya pili hupewa kazi.

Hatua ya 2: Tembea kwanza

Kabla ya kushika jembe, omba uzungushwe na askari wa msitu au mtu wa kitalu kwenye kipande mtakachofanyia kazi. Saa moja inatosha. Tazama chini zaidi ya unavyotazama juu.

Unatafuta vitu vitatu. Kwanza, gugu gani limetawala. Pili, maji yanapita wapi mvua ikinyesha: michirizi, kingo za mto, mahali udongo umebebwa. Tatu, na hili ndilo watu huliruka, ni miche gani ya asili imejiotea yenyewe. Inua matawi ya kichaka uchungulie ndani. Mara nyingi utakuta mukinduri, mti wa asili wa hapa, wa urefu wa kiganja, jani lake la kijani juu na tumbo la rangi ya fedha chini, umesimama kwenye giza ukingoja jua. Mche huo haukununuliwa, haukubebwa, mizizi yake haikuguswa. Uwekee kijiti chenye kitambaa cha rangi kali. Kila mche uliojiotea ukaokolewa una thamani kuliko mitano ya kutoka kitaluni, na sijui kwa nini hakuna anayepigwa picha nao.

Hatua ya 3: Vaa na ubebe

Gambuti au viatu vigumu, suruali ndefu, shati la mikono mirefu, kofia. Glavu za ngozi, si zile za kitambaa, maana miiba ya lantana, gugu la vichaka utakalong'oa zaidi, hupenya. Kama hukumbuki mara ya mwisho ulipodungwa sindano ya pepopunda, ipitie zahanati kwanza. Maji beba kwenye chupa ya chuma au ya kutumia tena na tena: tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi katika misitu na hifadhi za Kenya, na langoni huzikamata.

Vifaa vya kazi mara nyingi kikundi kinavyo. Vya maana ni panga kali, mkasi mkubwa wa matawi, jembe la meno na sururu. Panga butu ndilo linaloumiza watu, kwa sababu huteleza kwenye shina. Anayekata akae mbali na mwenzake kiasi kwamba wote wawili wakinyoosha mikono na mapanga hawagusani.

Nyoka wapo, ila wengi watakusikia na kuondoka. Usiingize mkono mahali usipopaona, piga kichaka kwa fimbo kwanza. Anayeng'atwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali mara moja. Asichanjwe kwa wembe wala asifungwe kamba. Siafu na nyuki ndio nimewaona wakivunja kazi mara nyingi zaidi. Ukisikia mvumo ndani ya gogo, rudi nyuma kimya na uwaambie wengine. Jioni jikague kupe, hasa nyuma ya magoti.

Hatua ya 4: Kung'oa lantana

Hapa ndipo penye jasho. Lantana ilitoka nchi za joto za Amerika, ikaletwa kama ua la bustani na uzio. Maua yake yanapendeza, ya waridi, manjano na chungwa katika kishada kimoja, na ndiyo maana bado kuna watu wanaoipanda mlangoni. Ikitoka bustanini haijui mpaka. Ndege hula tunda lake jeusi na kunya mbegu kilomita mbali. Kichaka hufunga kivuli juu ya ardhi, miche mingine haipati jua, na baada ya miaka michache una ukuta wa lantana usiopitika, chini yake udongo mtupu. Mbuzi na ng'ombe wakiyala majani hudhurika.

Utaijua kwa mkono kabla ya macho. Jani linakwaruza kama ulimi wa paka, shina lina pembe nne na vimiiba, na ukifikicha jani harufu yake kali haitoki vidoleni hadi ufike nyumbani.

Kosa la kila mgeni ni kuikata chini kabisa, usawa wa ardhi, akaona pamesafishika. Umeipogoa tu. Kwenye kitako, pale shina linapokutana na mizizi, kuna macho yanayongoja. Ukikata shina moja yatatoka manane, na baada ya miezi mitatu kichaka kitakuwa kinene kuliko mwanzo.

Fanya hivi. Chagua siku mbili tatu baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Kata matawi ya juu, lakini acha kila shina na urefu wa hadi gotini. Hicho ndicho kishikio chako. Ondoa matawi uone kitako. Chimba kukizunguka kwa jembe la meno, upana wa kama futi moja, ukilegeza, si ukifukua shimo. Kisha mmoja aingize sururu chini ya kitako na kukwidua taratibu huku mwingine akivuta vishikio. Utasikia mizizi ya pembeni ikikatika moja moja, tak, tak, halafu kitu chote kinakuja kwa mkupuo na usipojipanga utakaa chini. Kila mtu hukaa chini siku ya kwanza.

Kazi haijaisha. Kung'uta udongo wote kwenye mizizi, maana ule ni udongo wa juu, mzuri, haupaswi kuondoka. Kisha usiulaze mti ardhini: lantana iliyolala kwenye udongo wenye unyevu hushika mizizi upya. Ipindue, mizizi juu, uiegemeze kwenye gogo au uitundike kwenye rundo la matawi yaliyokatwa, ikaukie hapo. Matawi yenye matunda yakusanywe rundo moja, yasiburutwe njia nzima yakidondosha mbegu.

Utarudi mahali hapo baada ya wiki sita hadi nane. Jua likishagusa ardhi, mbegu zilizolala zitaamka kwa mamia. Zikiwa urefu wa kidole zinang'oka kwa mkono kama mchicha, na mtoto wa miaka kumi anaweza kusafisha eneo kubwa kwa asubuhi moja. Ukichelewa miezi sita, utahitaji sururu tena.

Kuna mahali pa kutong'oa kabisa: ukingo mkali wa mto. Pale mizizi ya lantana, mbaya ilivyo, ndiyo inayozuia udongo. Kata juu, panda miche ya asili katikati ya visiki, endelea kukata chipukizi kila msimu hadi miche ishike. Polepole, lakini ukingo hautaanguka.

Kuna pia Cestrum, kichaka chenye vishada vya maua membamba ya rangi ya chungwa, nacho kutoka Amerika ya Kati. Hung'olewa kwa njia ileile, ila hakina miiba. Na visiki vya mkalitusi vilivyoachwa na watu wa misumeno huchipua bila aibu. Zile chipukizi ni kazi nzuri ya wanaojitolea: zivunje zikiwa changa, mara kwa mara, hadi kisiki kichoke.

Hatua ya 5: Usiwafukuze wenye nyumba

Tunasema tunarudisha makazi ya wanyama, halafu tunafyeka hekta nzima kwa wiki moja. Wakati huohuo, kichaka hicho kibaya ndicho nyumba pekee waliyobaki nayo baadhi yao. Ndani ya lantana hulala pongo, mnyama wa jamii ya swala, na nungunungu, na ndege wengi wadogo hujenga humo.

Kwa hiyo safisha kwa viraka. Kipande cha mita kumi kwa kumi, kisha ruka, kisha kingine. Ukirudi kwenye ulichoruka, kiraka cha kwanza kiwe tayari kina majani ya kumficha mnyama. Kabla ya panga la kwanza, kikundi kinyamaze dakika tano. Ndege anayeingia na kutoka mahali pamoja akiwa na mdudu mdomoni ana makinda humo. Kiache kichaka hicho hadi watoke.

Kuna siku mwenzangu aliinua tawi akakuta ndama wa pongo amelala, ametulia kama jiwe, madoa meupe ubavuni. Akataka kumbeba ampeleke ofisini, akidhani ametupwa. Hakutupwa. Mama pongo humficha mtoto akaenda kula, na mtoto amefundwa na maumbile asitikisike. Tulirudisha tawi, tukahamia upande mwingine. Saa nane tulipopita hakuwepo.

Magogo yaliyoanguka yaache. Najua yanaonekana kama uchafu na watu wa usafi hutaka kuyakusanya, lakini ndani yake mna mbawakawa, mijusi na uyoga, na ndege wanaowinda hao. Mti uliokauka umesimama ni bora zaidi, kama hauko juu ya njia ya watu. Hondohondo hutaga kwenye matundu ya miti. Jike huingia ndani, mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi hadi ubaki ufa tu, na dume humlisha kupitia ufa huo kwa wiki nyingi. Mche uliopandwa mwaka huu hautakuwa na tundu kama hilo ukiwa hai wewe.

Mbega, wale kima wa manyoya meusi na meupe, nao wanatufundisha jambo. Waliletwa Karura kutoka Nyandarua katika miaka ya 2010. Wao ni wala majani na hukaa juu, hushuka kwa nadra. Kwao msitu wenye miti mingi iliyotengana si msitu, wanataka matawi yanayogusana. Unapochagua mahali pa kupanda, pengo dogo kati ya vipande viwili vya miti mikubwa lina faida kuliko uwanja ulio wazi kando ya barabara, hata kama barabarani picha hutoka vizuri.

Hatua ya 6: Chagua miche

Novemba 13, 2023 serikali ya Kenya ilitoa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, katika lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Sina neno na siku hiyo. Ila miche ikitakiwa kwa wingi na kwa haraka, kila kitalu kinauza kilichopo, na kilichopo mara nyingi ni mgrevilea, jakaranda na mkalitusi. Mgrevilea na mkalitusi asili yake ni Australia. Jakaranda imetoka Amerika ya Kusini, na Oktoba inapochanua hata mimi husimama kuitazama. Ipandwe barabarani, msituni hapana.

Katika misitu ya Nairobi majina utakayoyasikia ni ya Kikuyu, na yafaa uyajifunze kwa sababu ndiyo mtu wa kitalu atakayotumia. Mukinduri hukua haraka na kuleta kivuli, nyuki huyapenda maua yake. Muringa na mutundu nao ni wa mbio. Hii ndiyo ya kuanza nayo mahali palipo wazi. Muhugu, ule wa mbao ngumu wanaouchonga wachonga vinyago, ni wa polepole sana. Mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu, na muthengera vilevile hawana haraka. Hao waingize baadaye, chini ya kivuli cha wa kwanza. Muiri huzaa matunda madogo ambayo ndege na kima huyagombania. Na mahali popote pana nafasi ya kutosha, weka mugumo au mkuyu: mtini mmoja ukizaa, utaona karamu ya ndege na kima kwa wiki nzima.

Muthiga una gome kali kama pilipili, watu hulitafuna kwa jino na kifua. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina hufa. Ukiupanda, usitangaze mahali.

Uliza mbegu za miche zilitoka wapi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mche wa mti wa Pwani utasimama kwa adabu hadi Julai, kisha baridi itaumaliza. Chukua mche wa urefu wa futi moja hadi mbili, shina nene kiasi. Mrefu mwembamba uliolelewa kivulini utaanguka na upepo. Geuza mfuko utazame chini. Mizizi ikiwa imejisokota kama kamba, mche umekaa kitaluni kupita kiasi, uache.

Hatua ya 7: Siku ya kupanda

Panda mvua ikiwa imeshika, si ikiwa imetabiriwa. Kwetu ni Aprili katika masika na Novemba katika vuli. Tumbukiza kidole kizima kwenye udongo: kikitoka na tope, panda. Kikitoka na vumbi, nenda kapalilie. Vuli ina hila zake, maana baada yake inakuja Januari na Februari, jua kali. Kama huna wa kumwagilia miezi hiyo, ningekuwa wewe ningengoja masika.

Shimo liwe futi moja na nusu kila upande na kina vilevile. Udongo wa juu, mweusi, weka kulia. Wa chini, mwekundu, weka kushoto. Samadi mimi siweki msituni: huja na mbegu za magugu, na miti ya asili ya hapa haikuizoea. Mifuko ya miche ipasuliwe ubavuni kwa wembe, itolewe yote, ihesabiwe. Miche 50, mifuko 50 mkononi mwa mtu mmoja kabla ya yeyote kuondoka. Unajua kwa nini ninasisitiza.

Shika mche kwa donge la udongo, usiushike shingo. Udongo mweusi urudi chini karibu na mizizi, mwekundu juu. Mche ukae usawa uleule uliokuwa nao mfukoni: ukiuzika shina litaoza, ukiuinua mizizi itakauka. Kanyaga kwa kisigino, si kwa hasira. Ufunike na majani makavu pande zote lakini uache nafasi ya upana wa ngumi kuzunguka shina, la sivyo mchwa watapata daraja. Kwenye mteremko, tengeneza tuta la umbo la mwezi mchanga upande wa chini ili maji yasimame.

Kisha kijiti kirefu chenye rangi. Kisikose. Wauaji wakubwa wa miche niliyowahi kuona si ukame wala wanyama, ni watu wema wenye mafyekeo wasioona mche ndani ya nyasi.

Nafasi kati ya mche na mche iwe mita mbili hadi tatu, lakini usipange mistari kama shamba la kahawa. Panda kwa mafungu, uache mapengo.

Hatua ya 8: Miaka mitatu inayofuata

Palizi ya kwanza ni wiki ya nne hadi ya sita. Ng'oa kwa mkono duara la mita moja kuzunguka mche, kata mitambaa inayoupanda, ongeza majani makavu. Baada ya hapo, mara mbili kila msimu wa mvua, kwa miaka mitatu, au hadi mche uwe juu ya nyasi kwa urefu wa mtu. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu, magugu hulala, na ndio wakati mzuri wa kushughulikia visiki na chipukizi.

Mara moja kila miezi sita, hesabu. Kama ulipanda 50 na 38 wako hai, andika 38, na kwa wale 12 andika sababu. Mche utakuambia ukiukagua. Ulionyauka, ukiuvuta unatoka bila mizizi: fuko amepita chini. Uliokatwa kwa mshazari safi kama kwa kisu: sungura. Ncha zimechanwachanwa: pongo au paa, na huyo usimkasirikie, ndiye uliyempandia. Gome limetafunwa kwenye kitako: nungunungu. Umekatwa mlalo, laini, pamoja na nyasi za jirani: fyekeo, na utafute kama kijiti kilikuwepo.

Piga picha mahali palepale, ukielekea upande uleule, kila mara. Weka jiwe la alama. Picha mbili za mwaka mzima tofauti zitakusaidia kwenye ofisi ya msitu kuliko ripoti ya kurasa kumi.

Ukija na kikundi

Watu 15 kwa kiongozi mmoja, wasizidi. Mwajiri wako akitaka kuleta 200, muombe awagawe kwa miezi, na umwambie mapema kwamba wengi watang'oa na wachache watapanda. Watoto wape miche ya lantana ya urefu wa kidole, wataimaliza wakishindana. Wazee wakae kitaluni wakijaza udongo kwenye mifuko, ndiko kwenye hadithi. Kima wakikaribia, chakula kirudi mkobani. Kima aliyezoea chapati ataanza kupora, kisha atalalamikiwa, kisha ataondolewa.

Kama unaanza sasa na hujui mwezi gani uende, nenda wakati hakuna mvua na hakuna sherehe. Mimi nilirudi kwa yule mzee wa kitalu siku moja ya Agosti, kibaridi kikali, tukiwa watu wanne tu. Alinipa sururu bila kuniuliza jina, akanionyesha kichaka kwa kidevu. Saa sita tulikuwa tumetoa vitako 23, na chini ya cha mwisho palikuwa na mihugu miwili, mirefu kama kalamu, ambayo hakuna aliyekuwa ameipanda.